Pete za Mguu wa Nyamusi

Nililelewa na wanawake wawili waliooana, na asiyependa kusikia hivyo aishie hapa hapa.

Wa kwanza ni Bathsheba, mjane wa Machogu, mwenye boma letu lililo mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Marani. Wa pili ni Nyamusi, mkewe. Ndiyo, mkewe. Bathsheba hakujaliwa mtoto, na Machogu alipofariki alimwachia shamba, ng'ombe, na nyumba isiyo na sauti ndani yake. Kwetu Kisii desturi ipo tangu enzi za mababu: mwanamke wa namna hiyo, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kuoa. Anatoa mahari kama mwanamume yeyote, na watoto ambao mke huyo atawazaa na mwanamume atakayemchagua ni watoto wa nyumba yake. Wanarithi jina, ardhi, na hata maadui. Mwaka wa hamsini na sita Bathsheba alitoa ng'ombe saba na fahali mmoja, akamleta Nyamusi kutoka Nyamira. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, Angwenyi. Kisha Esnah. Kisha Ogari, aliyekuja duniani na njaa ambayo haijaisha hadi leo.

Nyamusi tulimwita Mama. Bathsheba tulimwita Tata, ambalo kwa Kigusii ni jina la baba. Hakuna aliyetufundisha. Mimi ndiye niliyeanza, kabla sijaota meno ya juu, na wanasema Bathsheba aliposikia neno hilo alitoka nje, akaenda kuwakatia majani ng'ombe waliokuwa wameshiba.

Nyumbani kwetu kazi ilimjua mwenyewe. Tata aliamka na jogoo wa kwanza, akakama, akaenda kwenye kahawa na panga lake. Mama aliwasha moto, akakoroga uji wa wimbi, akatuosha miguu kwa maji baridi huku akituimbia ili tusilie. Waligombana kila siku juu ya chumvi. Tata alisema mboga ya chinsaga ikitiwa chumvi nyingi inapoteza uchungu wake, na uchungu ndio mboga yenyewe. Mama alisema uchungu wa dunia unatosha, hakuna haja ya kuupika. Siku ya Sabato walienda kanisani wamevaa leso za rangi moja, wakaketi benchi la nyuma kwa sababu la mbele waliambiwa si lao. Tata aliimba kwa sauti ya chini kama ngoma, Mama juu yake kama filimbi, na benchi la mbele likalazimika kuwafuata.

Esnah alipougua surua, Tata ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali mjini Kisii, mvua ikimpiga njia nzima. Muuguzi akamuuliza, "Wewe ni bibi yake?" Akajibu, "Mimi ni mwenye nyumba. Tibu mtoto."

Na Mama alikuwa na pete zake. Zilikuwa nne, za chuma, mbili kila mguu, zile tunazoziita ebitinge. Mwanamke hufungwa pete hizo siku ya harusi kubwa, mbele ya watu, na hazitoki mguuni maadamu nyumba iliyomwoa iko hai. Kuzikata kabla ya wakati ni kutangaza kifo cha mwenye nyumba, na kifo hicho humrudia aliyeshika chombo cha kukatia. Sisi watoto tulizipenda kwa sababu nyingine. Zililia, kling, kling, Mama akitembea. Tulipokuwa tumeingiza mkono kwenye chungu cha asali, tulipata muda wa kutosha kupangusa midomo.

Sasa nimlete Thadeus.

Thadeus alikuwa ndugu mdogo wa marehemu Machogu, baba yetu mdogo, na boma lake lilipakana na letu. Alikuwa mhunzi. Mhunzi hodari, hilo simnyimi. Majembe yake yalijulikana hadi Kenyenya. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ukilisifu jembe lake, alikukaribisha chai na ndizi, ukilikosoa, hakukusalimu mwaka mzima. Kulikuwa na mzee aliyesema panga la Thadeus lilipinda, na Thadeus alimfuata sokoni na lile panga, akakata nalo gogo la mti mbele ya watu, akamwambia, "Haya, nionyeshe lilipopinda!"

Mwaka wa sitini na nane serikali ilileta minyororo ya kupimia mashamba. Kila kipande cha ardhi kingeandikwa jina la mwenyewe, na kilichoandikwa kimeandikwa. Kamati ya wazee ilipita mlima kwa mlima pamoja na karani wa serikali, wakisikiliza kila boma. Thadeus ndiye aliyepewa kazi ya kufua vigingi vya chuma vya mipaka. Alitembea na kamati akiwa na mfuko wa ngozi begani, ndani yake vigingi, nyundo na tindo la kukatia chuma. Ukimwona, ungedhani ndiye aliyeumba mlima.

Sabato moja alasiri alikuja kwetu. Tata alimpa kiti, Mama akamletea uji.

"Shemeji," akamwambia Tata, "kamati inafika hapa Jumanne. Usijisumbue kusema mengi. Shamba hili ni la Machogu, na Machogu ni ndugu yangu. Litaandikwa jina langu. Wewe utakaa hapa mpaka Mungu akuite, sitakufukuza."

"Na Nyamusi?" Tata akauliza.

"Huyu msichana wako wa kazi? Atarudi kwao Nyamira na watoto wake."

Msichana wa kazi! Mama alikuwa amesimama mlangoni. Pete hazikulia.

"Maliza uji wako, shemeji," Tata akasema. "Unapoa."

Alipoondoka, Tata hakula. Alikaa kwenye kigoda, mguu wake wenye goti baya umenyooshwa, na Mama akaupaka mafuta ya ng'ombe gotini kama alivyofanya kila jioni. Sikuwahi kumwona Tata akiogopa kitu, hata nyoka. Jioni ile nilimwona.

"Mzee wangu," Mama akamwambia. Alimwita hivyo alipotaka kumchekesha, lakini safari hii hakuna aliyecheka. "Ng'ombe walioenda kwetu wako wapi?"

"Walikufa wote mwaka ule wa ugonjwa wa miguu. Unajua."

"Na baba yangu aliyewapokea?"

"Amekufa. Unajua pia. Unaniuliza ya nini?"

"Waliowaswaga hadi Nyamira ni nani?"

"Marehemu Ondieki. Na Thadeus."

"Na aliyenifunga pete?"

"Thadeus. Mtu mwingine wa ukoo hakukubali. Yeye alikubali kwa sababu nilimwambia hakuna mhunzi mwingine anayeweza." Tata akashika kichwa. "Wengine waliokuwapo wamezeeka hadi kusahau, au wamelala makaburini. Karatasi hakuna. Shahidi hakuna, Nyamusi. Watakutoa hapa."

Mama aliendelea kusugua lile goti.

"Shahidi yuko," akasema. "Amekunywa uji wetu leo."

Jumanne ilifika na jua kali. Walikaa kwenye uwanja wetu mbele ya mibuni, wazee saba kwenye vigoda, na majirani wamesimama pembeni kana kwamba ni siku ya mnada wa ng'ombe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zachariah Onchiri, mfupi, mwenye koti la zamani la vita na macho yasiyoharakishwa. Karani alikuwa kijana kutoka Machakos, na kwa ajili yake yote yalisemwa kwa Kiswahili, kila mtu kwa Kiswahili alichonacho. Alikuwa na meza ndogo, ramani na kalamu.

"Mama huyu," akauliza akimwelekezea Nyamusi kalamu, "mume wake ni nani?"

"Ni mimi," akasema Bathsheba.

Karani aliweka kalamu chini. Akamtazama Mzee Onchiri.

"Kwetu ipo, bwana karani," Onchiri akasema. "Mwanamke huoa mwanamke. Ndoa hiyo ni ndoa, na watoto ni watoto. Lakini iwe imefanywa sawasawa: ng'ombe wawe walitoka, na pete za mguu ziwe zilifungwa na mtu wa ukoo mbele ya watu. Kama si hivyo, hakuna nyumba hapa. Kuna mjane na mgeni wake tu."

"Haikufanywa!" Thadeus akasimama, mfuko wake begani. "Ng'ombe gani? Mimi ndugu wa Machogu, sikuona hata ndama. Alimchukua msichana huyu amsaidie kuchuma kahawa, basi. Hawa watoto aliwaokota njiani."

Nilisimama. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimetahiriwa Desemba iliyopita, na niliamini kwamba mimi ni mwanamume kamili.

"Baba mdogo," nikasema, "njia gani? Nitajie hiyo njia, niende nikaokote ndugu wengine!"

Watu walicheka. Thadeus akanitolea macho.

"Angwenyi," Tata akasema bila kugeuka. "Keti."

Nikaketi. Hasira yangu ilibaki imesimama.

Karani alimgeukia Mama. "Mama, ulikuja hapa kama mfanyakazi au kama mke? Ulilazimishwa?"

Mama alijipangusa mikono kwenye leso kama mtu anayetoka jikoni.

"Watu watatu walikuja kunitaka," akasema. "Wawili waliongea na baba yangu mpaka pombe ikaisha. Mmoja wao alikuwa na wake watatu na jino moja. Huyu hapa aliongea na baba yangu pia. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba nilikokuwa nasaga wimbi, akauliza, 'Na wewe, binti, wasemaje?' Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia nipe siku mbili nifikirie. Akanipa tatu. Nilikuja kwa miguu yangu, bwana karani. Ninazaa hapa, ninalima hapa, ninagombana na huyu hapa kila siku juu ya chumvi. Kama huo ni ufanyakazi, basi wake wote wa huku kwetu Kitutu wadai mshahara."

Wanawake walipiga vigelegele hadi Onchiri akainua fimbo.

"Maneno matamu," akasema. "Lakini mimi nauliza pete."

"Pete za sokoni!" Thadeus akaruka. "Urembo tu! Kila Jumatano wanauza pale Kenyenya."

Tata alifumba macho. Nilimwona akishika ukingo wa kigoda. Kama kamati ingekubali neno lile, yote yalikuwa yamekwisha, na kesho yake tungekuwa barabarani na vyungu vichwani.

Mama hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akapiga hatua mbili, kling, kling, akapandisha mguu wake juu ya jiwe la kunolea panga, mbele ya wazee.

"Mzee Thadeus amesema kweli kuhusu jambo moja," akasema. "Hizi pete ni ovyo. Zinanichubua. Tazama fundo hili, Mzee Onchiri, lilivyoachana. Aliyezitengeneza hakujua hata kupasha chuma. Nadhani ni wale watu wa Nyamarambe, wale wanaoziba sufuria."

Onchiri aliinama, akatazama. Sijui kama alielewa mchezo au alikuwa haoni vizuri. Akasema tu, "Hm. Ni kweli. Kazi ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi mvivu," mzee mwingine akaongeza. "Mimi hata mbuzi wangu nisingemfunga na hicho."

Shingo ya Thadeus ilianza kuvimba.

"Limeachana wapi?" akasema.

"Hapa," Mama akasema. "Hata ukucha unapita. Angekuwa mhunzi wa kweli, angelifunga. Lakini mtu wa Nyamarambe utamlaumu vipi? Masikini, amejitahidi."

"Mtu wa Nyamarambe!" Thadeus alitupa mfuko chini, vigingi vikalia. Alivuka uwanja kwa hatua tatu, akapiga magoti pale kwenye jiwe, kidole chake juu ya chuma. "Mtu wa Nyamarambe anaweza kufua fundo la umbo la ua la mgomba? Anaweza? Alama hizi tatu hamzioni? Mna macho ya nini? Hiki ni chuma cha ekseli ya lori la Mhindi! Nilikipasha mara saba! Siku mbili sikulala, na miaka kumi na miwili sasa halijaachana hata upana wa unywele! Hakuna mtu Kisii nzima anayefunga pete mguuni mwa bibi harusi bila kumchoma, hakuna, isipokuwa mimi!"

Kuku mmoja alivuka uwanja katikati ya wazee, na hakuna aliyemfukuza.

Onchiri aliketi taratibu. "Mguuni mwa nani, Thadeus?"

Thadeus alibaki amepiga magoti.

"Nilizitengeneza," akasema hatimaye. "Nikaziuza. Alizifunga mwenyewe, mimi sijui."

Hapo ndipo Tata aliposimama. Goti lake lilikuwa baya lakini alisimama wima, mrefu kuliko wazee wote saba.

"Vyema, shemeji," akasema. "Ni urembo wa sokoni. Urembo hauna msiba. Tindo lako liko kwenye mfuko, nyundo iko. Zikate sasa hivi. Mke wangu akitoka hapa hana pete, mimi nitamfunga mizigo kwa mikono yangu na sitasema neno tena mpaka kaburini."

Esnah alinishika mkono, kucha zake zikaniingia.

Thadeus alichukua tindo. Aliliweka kwenye pete ya kwanza, pale kwenye fundo. Akainua nyundo.

Mama alimtazama kutoka juu. Alizungumza polepole, kwa heshima, kama mke wa boma anavyozungumza na mzee wa boma.

"Kata, mzee Thadeus. Ila siku ile ulipozifunga, ulitema mate mara mbili juu yake, ukanibariki, ukaniita mke wa nyumba ya ndugu yako. Ukizikata, tema tena. Tujue umetulaani."

Nyundo ilikaa juu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alimtazama Bathsheba, mwenye nyumba, aliye hai na anayepumua mbele yake. Akalitazama fundo lile la ua la mgomba, ambalo sidhani kama alikuwa amelitazama karibu hivyo tangu alipolifunga. Alilipapasa kwa kidole gumba. Kisha akateremsha nyundo, akaiweka kwenye majani.

"Siwezi," akasema.

"Karani haandiki 'siwezi'," Onchiri akasema. "Sema kwa nini."

"Kwa sababu nilizifunga mimi."

"Sauti."

"Nilizifunga mimi! Niliswaga ng'ombe mimi na Ondieki, saba na fahali, hadi Nyamira, mmoja wao akanikanyaga kidole. Nilikula nyama ya bega la mbuzi wa harusi. Huyu ni mke wa nyumba ya Machogu, na hawa ni watoto wa ndugu yangu." Akamtazama Onchiri kwa hasira. "Na fundo halijaachana! Hilo nalo aliandike!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, leso zikapepea juu ya mibuni, na jirani yetu Bosibori, aliyekuwa hatusalimii kanisani, alimkumbatia Mama hadi akataka kumwangusha kwenye jiwe. Ogari, aliyekuwa na miaka minne na asiyejua lolote, alicheza peke yake katikati ya wazee. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa nimeapa tangu Desemba kwamba sitalia tena maishani.

Karani aligonga meza. "Sawa, sawa! Nimesikia. Lakini fomu inataka jina la mume."

"Andika Bathsheba," Onchiri akasema.

"Na mke?"

"Andika Nyamusi. Chini yao andika Angwenyi, Esnah na Ogari."

"Mzee, fomu haina nafasi ya hayo yote."

"Pembeni pako wazi. Andika pembeni, bwana karani. Wino ni wa serikali, si wako."

Akaandika. Nilisogea nyuma yake nikasoma, kwa maana nilikuwa darasa la nne na nilijua kusoma. Majina matano, pembeni ya karatasi, yamebanana kama sisi tulivyobanana kwenye mkeka mmoja. Sijasoma tangu siku ile maandishi yaliyonipendeza kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Wazee walipoinuka kwenda kupima, Onchiri aliokota nyundo majanini akampa Thadeus.

"Kazi imekungoja," akasema. "Vigingi vinne, kila pembe kimoja. Na uvipigilie vizuri, usije ukaambiwa ni kazi ya mtu wa Nyamarambe."

Basi tukazunguka shamba letu. Mbele alienda Tata na fimbo yake, akionyesha mpaka, na kando yake Mama, pete zikilia kling, kling kutoka pembe hadi pembe. Nyuma yao minyororo ya serikali, kisha karani, kisha wazee, kisha sisi na mlima mzima. Na katika kila pembe, Thadeus mwana wa ukoo, aliyetaka kututoa, alipiga magoti akapigilia chuma chake mwenyewe ardhini ili tusitoke. Alivipigilia vizuri. Hakujua kufanya kazi mbaya, maskini. Vipo hadi leo, miaka kumi imepita, na kutu haijavigusa.

Jua lilipoanza kuinama watu walikuwa wametawanyika. Mama alipika chinsaga kwa maziwa. Tata aliketi kwenye kigoda chake, mguu umenyooshwa, akimtazama.

"Nyamusi."

"Naam, mzee wangu."

"Umesema uongo mbele ya kamati. Fundo halijaachana. Na sisi ni watu wa kanisa."

"Nimesema nadhani," Mama akajibu. "Kudhani si dhambi. Na kuchubua zinachubua kweli, tangu mwaka wa hamsini na sita. Sikutaka kukuambia, ulikuwa umefurahi sana siku ile."

Tata alicheka, cheko lililoanzia tumboni likamtoa machozi, akainuka kwenda kwenye kopo la mafuta ya ng'ombe. Akapiga magoti taratibu kwa lile goti lake baya, akauchukua mguu wa mkewe mapajani, akaanza kuupaka mafuta chini ya pete, moja baada ya nyingine.

"Angwenyi," akaniita bila kuinua kichwa, "onja hiyo mboga. Mama yako ametia chumvi kiasi gani?"

Nilionja. Ilikuwa imezidi.

"Iko sawa, Tata," nikasema.